Wati za Kutosha Nyumba Moja

Jambo la mwisho la kawaida kutokea nyumbani kwa Mwalimu lilikuwa hili: alikuwa sebuleni akipiga gitaa, hedifoni masikioni, mkewe akaja kwa nyuma, akamfunua sikio moja, akamwambia maharagwe yanaungua na yeye mikono imejaa sabuni. Mwalimu akaenda kuepua. Kesho yake mke akapelekwa hospitali, na hakurudi. Tangu hapo Mwalimu hakuzivaa tena zile hedifoni. Akizivaa, nyumba nzima hubaki nyuma ya mgongo wake. Ndiyo maana jioni moja alikuwa kwenye benchi la nje ya karakana ya Fundi Redio, kikombe cha kahawa mkononi, akiulizia amplifaya. Kisanduku chake cha kidijitali, alichochomekea gitaa na hedifoni, kiliweza kuiga amplifaya za kila aina, za zamani na za sasa, lakini chenyewe hakikuwa na kifua: ukivua hedifoni, kinataka amplifaya ya kweli ya kusukuma spika. Na kesho yake mchana kuna mtu angekuja kukinunua. Mwalimu alikuwa amejiambia kwamba asipopata jibu pale benchini, atakiacha kiende.

— Wati elfu mbili, alisema Wati Elfu, aliyefunga spika za mikutano ya hadhara ujana wake wote, na sasa sikio la kushoto limekufa. Chini ya hapo ni redio ya kinyozi.

— Kwa sebule moja?

— Mwalimu, haba na haba hujaza kibaba. Kwa hiyo nunua kubwa mara moja.

— Methali hiyo inasema kinyume, alisema Shemeji, mdogo wa marehemu mke wa Mwalimu.

— Ilipotungwa hakukuwa na umeme.

Fundi Redio aliingia ndani, akatoka na kitu cha kioo kama balbu, amekishika kwa kitambaa.

— Vali hii. Inawaka, inapata joto, inatoa sauti yenye moyo. Mengine yote ni mabati.

— Lakini Fundi, kisanduku tayari kinaiga vali, alisema Mwalimu taratibu. Nikikipitisha kwenye vali nyingine, si nimetia sukari kwenye chai yenye sukari? Nataka amplifaya isiyoongeza neno. Ipokee, ikuze, basi.

— Isiyoongeza neno, alicheka Wati Elfu. Ukiipata, mimi nitaioa.

Kisha akakumbuka anaongea na nani, akainamia kikombe kisichokuwa na kitu.

— Wa kwangu alikuwa anaongeza, alisema Mwalimu. Na mara nyingi alikuwa sahihi.

Akacheka yeye kwanza, benchi likapumua. Shemeji akammiminia kahawa.

— Sikiliza, shemeji yangu. Kwa nini ununue spika? Nyumba yenyewe iwe spika. Toa dirisha, weka spika ya inchi kumi na tano, ziba mlango kwa godoro.

— Na chini uchimbe shimo la besi, alidakia Wati Elfu.

— Na mimi nilale wapi?

— Ndani ya besi. Mkono mtupu haulambwi.

— Hiyo nayo imeingiaje hapo? aliuliza Fundi.

— Imepita tu, inasalimia.

Hapo akaja mshonaji aliyehamia kona ile wiki hiyo, futi yake ya kitambaa imening'inia shingoni, akaomba kahawa. Akasimama kuwasikiliza huku akipuliza kikombe.

— Samahani, kaka zangu. Anataka isikike mpaka wapi?

Fundi alisema, "Inategemea," na hakusema inategemea nini. Wati Elfu akamgeuzia sikio zima, akidhani swali lina sehemu ya pili.

— Sijui, dada, alisema Mwalimu.

Mshonaji akarudisha kikombe, akaenda zake. Birika lilipoinamishwa lilitoa machicha. Fundi akaingia ndani, akashusha rafuni amplifaya ndogo ya wati hamsini na spika moja.

— Haina vali, haina moyo, haina neno. Kaijaribu.

Asubuhi yake Mwalimu alifunga nyaya, akapiga kipande kifupi, akakanyaga kitufe kinachokifanya kisanduku kirudie kipande hicho chenyewe bila kuchoka. Akalaza gitaa kitini, akatoka. Alikisikia jikoni. Alikisikia uani na langoni. Akafuata mtaa mpaka kilipopotelea kwenye mlio wa cherehani ya yule mshonaji, akasimama pale, akampigia simu yule mnunuzi kumwambia asijisumbue kuja. Kisha akageuka kurudi. Nyumba tatu kabla ya kwake akaanza kukisikia tena, kama vile kuna mtu anapiga gitaa ndani, dirisha wazi. Alipofika mlangoni alijifuta viatu, akabisha hodi, akaingia.