Sista Blandina na Hesabu ya Mimba ya Mwantum

Sista Blandina Kapinga, muuguzi mkunga wa kituo chetu cha afya, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2001, baada ya kutumikia umma kwa miaka thelathini na mmoja: minne Ngarambe, tisa Mohoro na kumi na minane hapa kwetu.

Alizaliwa Mbinga, milimani. Alipofika huku hakujua kuogelea, na hajui hadi leo. Kila safari ya delta alipanda mtumbwi amekumbatia beseni, akiamini ndilo litakalomwokoa. Kindengereko alifundishwa na wanawake wenye uchungu wa kuzaa, ndiyo maana maneno anayoyafahamu vizuri zaidi hayawezi kuchapwa katika ratiba hii.

Wanawake wetu hawahesabu mimba kwa kalenda ya ukutani. Husema siku zao zilikatika wakati wa kupanda mpunga, au wa kuamia ndege wasile mpunga, au maji yalipopungua mashambani. Sista alijifunza hesabu hiyo mpaka akawa anaigeuza kuwa wiki bila kukosea. Isipokuwa mara moja. Na kwa kuwa wasifu wa wastaafu nchini huandikwa kana kwamba hakuna mtumishi aliyewahi kukosea, mimi, mtumishi mwenzake hapa kituoni, nitaieleza hiyo moja.

Aprili 1996 alikuja Mwantum wa Maparoni, aliyekaa katika ndoa miaka tisa bila kupata mtoto. Alisema aliona siku zake mara ya mwisho mpunga ukipandwa, mwanzoni mwa Desemba, mume wake Huseni alipokuwa amerudi tu kutoka kwenye boti ya kuvua kamba, alikofanya kazi miezi minne. Sista akapima tumbo kwa futi. Kwa maneno ya Mwantum mimba ilikuwa ya wiki ishirini na moja. Futi ilisema ishirini na saba. Sista aliandika ya futi kwenye kadi ya kliniki.

Kadi ilisomwa kijijini. Mama mkwe, Bi Mwanabibi, alihesabu kurudi nyuma akafika Oktoba, Huseni akiwa bado baharini. Hakuna aliyepiga kelele. Mwantum alifungiwa nguo zake, akapelekwa kwa kaka yake aliyeishi Mohoro.

Aliporudi kituoni hakuomba kupimwa. Aliomba kadi ichanwe. Ndipo alipofungua pindo la kanga akatoa pakiti ya vidonge vya kupevusha mayai, alivyopewa na daktari wa Dar es Salaam na kuvimeza kwa siri Desemba hiyo, akiogopa kuchekwa visiposaidia. Hakuvitaja kwa sababu hakuulizwa. Sista akalipapasa tumbo upya. Vidonge hivyo huweza kupevusha zaidi ya yai moja.

Kipimo cha ultrasaundi kilikuwa Dar es Salaam, katika moja ya hospitali binafsi zilizochipuka soko huria lilipofunguliwa. Tuliambiwa soko litatuletea kila kitu. Lilileta kweli, likakiweka mjini. Mkubwa mmoja alisema picha ya tumbo kwa mwanamke wa delta ni anasa. Sista hakubishana naye. Alichukua likizo yake mwenyewe, akapanda basi na Mwantum. Kwenye kioo walionekana watoto wawili, kila mmoja wa wiki ishirini na tatu, mioyo inapiga. Mwantum hakulia wala hakucheka. Aliomba aonyeshwe tena.

Sista angeweza kuandika kadi mpya na kunyamaza. Ndivyo tunavyofanya maofisini: kosa hufutwa, aliyekosewa huachiwa aibu yake. Yeye alikwenda Maparoni, akakaa kwenye mkeka uani kwa Bi Mwanabibi, majirani wakisikia, akatoa karatasi ya kipimo, akaeleza yote.

Bi Mwanabibi akamwuliza, "Karatasi ya kwanza uliandika wewe, na hii umeileta wewe. Tuuamini mkono wako upi, mwanangu?"

"Usiuamini wowote, mama," alijibu Sista. "Mwamini mkweo. Yeye alinitajia mwezi wake, mimi nikaandika wangu."

Huseni alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Kesho yake alikwenda Mohoro kumfuata mkewe.

Miezi miwili ya mwisho Mwantum aliishi nyumbani kwa Sista, maana mimba ya pacha haifai kukaa mbali na hospitali. Kila wiki alipimwa presha na kuangaliwa damu. Agosti akajifungua mvulana na msichana. Mvulana aliishi siku mbili. Bi Mwanabibi ndiye aliyemwosha, na alimwita Sista amshikie kopo la maji.

Tangu mwaka huo, kabla ya kugusa futi, Sista huuliza maswali mawili: siku zako zilikatika lini, na umetumia dawa gani kuutafuta ujauzito huu? Wakunga sita aliowafundisha huuliza hivyo hivyo. Kuhusu ultrasaundi, kituo hakina hadi leo. Nimemwandikia mgeni rasmi barua tatu. Aihesabu hii kuwa ya nne.

Ratiba inampa mgeni rasmi dakika arobaini. Mwantum, aliyefika tangu jana na binti yake Shufaa, hakupewa hata moja. Naiomba kamati imwite kwanza.

Sista Blandina, asante kwa miaka yote, na kwa siku ile uani Maparoni. Tunakuombea afya njema na mapumziko marefu huko milimani. Wanawake uliowaamini wanakuombea pia.