Agronome Alisimama Mbele ya Sanduku

Bwana asifiwe! ... Hapana, hiyo "Amina" ni ya watu hawajakula. Ninyi wa upande wa dirisha, nawauliza tena: Bwana asifiwe! Ehee! Sasa nasikia kama niko katikati ya watu wa Mungu.

Ndugu zangu, mimi ni Mama Riziki. Wengine munanijua kwa samaki, juu nauzaka samaki ya ziwa, ya Kasenyi, hapa kwetu Saio, mujini Bunia. Wengine munanijua kwa mudomo. Pastere ameniomba nishuhudie kwa ufupi. Pastere, usiangalie saa, ufupi yangu unaijua.

Samaki ni kazi ya kunifichia njaa tu. Mimi ni mulimaji. Nilizaliwa kule Djugu, kwenye vilima, kwenye baridi ya asubuhi inayokufanya ushike jembe haraka ili upate joto. Kule kwetu udongo ni mweusi, unanuka vizuri kisha mvua, na viazi ya kizungu inakua mpaka unaona udongo unapasuka. Mutu wa shamba akikaa mujini anakauka. Mimi nilikauka, ndugu zangu.

Mbele ya kukimbia vita, serikali ilileta programu ya kusaidia walimaji. Mutu wake, bwana shamba, aliitwa Agronome Udaga, muchana wote yuko juu ya pikipiki, buti zimejaa matope. Alituletea mbegu ya viazi yenye ngozi nyekundu, nzuri kabisa, na mbolea. Tulipewa kwa deni, tulipe kisha mavuno. Siye wamama wa kilima kimoja tuliingia kikundi, na kila mumoja aliweka shamba yake gage mbele ya shefu wa kijiji, maana yake deni isipolipwa, shamba inakwenda. Tena mumoja akishindwa, wenzake wanabeba mzigo wake. Tulipiga vigelegele na kukubali. Nani angeogopa? Mvua ilikuwa nzuri, mbegu nzuri, na mikono tuko nayo.

Viazi ilitoa maua. Ndugu zangu, shamba ya viazi ikitoa maua, hata mutu wa hasira kama mimi anasimama na kutabasamu peke yake. Na katika ile maua ndiyo vita ikatukuta. Sitasimulia ile siku. Wale walioiona wanaijua, na wale hawakuiona Mungu awalinde wasiione. Tulikimbia, viazi ikabaki chini ya udongo, na deni ikatufuata.

Wenzetu wengine walishuka Kasenyi wakavuka ziwa kwenda Uganda. Waliofika Bunia tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu Lotsove. Tuliolewa kwenye kilima kimoja, shamba yake na yangu zinagusana. Lotsove alikuwa mwanamuke mufupi, akicheka anacheka na mwili yote, mpaka unamushika asianguke. Tulipanga nyumba moja hapa Saio, chumba chake na watoto wake, chumba changu, na mlango unaolia.

Kisha amani ikaanza kurudi. Munaijua hii amani yetu, ni ya kukanyaga polepole. Unakwenda asubuhi, unaangalia kushoto na kuume, na mbele jua halijashuka umerudi mujini. Hata hivyo watu wa vilima vingine walianza kurudi kulima. Siye hapana! Tungerudi namna gani? Mashamba yetu ilikuwa gage, deni ya kikundi yote imebaki juu ya vichwa viwili, na viazi ya kulipia imeoza kwa udongo. Tulikuwa tunasikia kwetu iko salama, na tunabaki mujini kama watu wamefungwa na kamba.

Siku moja radio ikasema: walimaji waliokimbia vita, deni yao ya mbegu serikali imeifuta, na mashamba yao ni yao, warudi kulima. Ndugu zangu, mulidhani tuliruka kwa furaha? Lotsove alicheka mpaka akakaa chini. "Serikali isamehe? Serikali gani hiyo, ya mbinguni?" Siye watu wa Ituri tunajua kuitwa. Kuna miaka hapa, kuitwa jina mbele ya watu haikuwa kitu ya kukimbilia, mwenye aliitwa hakurudi. Tukasema ni mutego, wanatutoa mafichoni ili watushike. Kisha wakapita wanaume fulani wenye mikoba, wanasema tuwape kitu kidogo, wao watatufutia deni. Waongo! Niliwafukuza na kisu ya samaki. Kutoka pale sikuamini tena hata salamu.

Ndipo Agronome Udaga akafika Bunia na ile pikipiki yake. Alipita mutaa kwa mutaa akiuliza: "Namutafuta Mama Riziki na Mama Lotsove. Niko na neno yao, nitaisema kwao wenyewe." Kisha ndiyo nilijua sababu. Wale waongo walikuwa wanashika habari njiani na kuiuzia watu, kwa hiyo alikataa kumuachia mutu mwingine lile neno. Lakini weye mwenye deni, ukisikia mutu wa serikali ana neno na weye peke yako, unaelewa nini? Tulielewa kamba!

Tulimukimbia, ndugu zangu! Lotsove aliijua sauti ya ile pikipiki kutoka mbali. Alikuwa anasema, "Mama Riziki, funika samaki, mwenye shamba yetu anakuja!" na tunapotea. Nimejificha chooni na samaki kichwani. Nimejificha chini ya meza ya muuza mafuta. Na hata humu kanisani! Mwakumbuka ile siku niliingia mbio, nikapiga magoti nyuma ya ngoma natetemeka, na ninyi mukasema, "Mama Riziki ameguswa leo"? Niliguswa na woga! Agronome alikuwa amesimama pale nje anauliza njia.

Munacheka. Chekeni, hata Lotsove alicheka. Lakini muchana alicheka, na usiku moyo wake ulikuwa unaumia. Tension, ugonjwa wa damu kupanda, ikamushika. Kwa dispensaire waganga walimuambia asiwaze sana, akawajibu, "Basi mumupe mutu mwingine ile deni awaze yeye." Akaanza kuvimba miguu. Jambo moja alinirudilia siku zote: "Rafiki, nikifa, nizikwe kwa shamba yangu. Mukinizika huku Bunia nitalala kama mupangaji." Nikamuambia anyamaze, hafi. Akafa. Alikufa asubuhi, mukono wake kwa mukono wangu, na shamba yake ikiwa gage.

Ee Bwana, ile siku nilikuuliza maswali, na weye unajua sikuuliza kwa upole.

Muzee wa familia, mujomba wake Lotsove, alisema hatuwezi kumupeleka kwao. Utachimbaje kaburi ndani ya shamba yenye inadaiwa? Kesho mwenye kudai akija kuikamata, atamufukua maiti? Basi wakatafuta nafasi kwa makaburi ya hapa mujini, vijana wakachimba. Mupangaji. Kama vile alivyoogopa.

Tukakaa matanga. Na kwetu munajua desturi: rafiki wa marehemu anakaa chini kwa mukeka, karibu na sanduku ya maiti, hainuki mpaka sanduku iinuke. Nimekaa pale, kichwa kimefungwa kitambaa, nikasikia pikipiki. Nikaijua. Agronome Udaga akaingia chini ya bache, ile turubai ya matanga, akavua kofia, akasalimia wazee, akakaa katikati ya wanaume. Na mimi siwezi kukimbia! Meza ya muuza mafuta haiko, choo haiko, ngoma haiko. Niko kwa mukeka.

Mbele ya kutoa sanduku, muzee akasimama kama desturi inavyotaka. Akasema, "Mwenye alikuwa na neno na huyu mutoto wetu, deni ao ugomvi, aseme sasa, mbele hatujamufunika na udongo." Kwa kawaida watu wananyamaza, na kazi inaendelea. Ile siku mutu akasimama.

Agronome.

Ndugu zangu, desturi niliitupa pale pale! Niliinuka kwa ile mukeka, kitambaa ikaanguka, nikamuelekezea kidole. "Weye! Umemufuata mpaka ndani ya sanduku? Hata maiti unaidai? Haya, mufungue, mutafute kwa nguo yake kama kuna kiazi! Na mimi niko hapa, nikamate, nimechoka kujificha!" Nilisema na mengine, lakini hapa ni kanisa. Wamama wakanishika mikono. Yeye hakukasirika. Alingoja mpaka pumzi yangu ikaisha.

Kisha akasema polepole, "Mama, sikuja kudai. Nimekuja kusema mbele ya watu wote kwamba Mama Lotsove hana deni. Serikali imeifuta. Shamba yake ni yake. Na weye, Mama Riziki, ni vilevile. Hii ndiyo neno nilikuwa natembea nayo."

Muzee akasema, "Rudilia." Akarudilia. Muzee akasema, "Rudilia tena, uelekee sanduku, yeye pia asikie." Na yule mwanaume, mutu wa serikali, na buti zake za matope, akapiga goti mbele ya sanduku ya mwanamuke mulimaji, akasema, "Mama Lotsove, hauna deni."

Nililia, ndugu zangu. Nilimulilia mara ya pili, na hii kilio ilikuwa na kitu ingine ndani, ilikuwa na furaha, na sikujua mutu anaweza kulia hivyo.

Muzee akafuta uso, akageukia vijana: "Ile kaburi ya mujini, muifunike. Mutoto wetu anarudi kwake." Wale walioichimba walinung'unika kidogo, muwasamehe, jua ilikuwa kali na udongo wa Bunia ni mugumu. Tukapata lori. Agronome akatangulia na pikipiki, kwa kila baryeri anasimama, anaongea na askari, anawaomba wainue kamba. Tulikuwa tunaimba nyuma ya lori, na ninawaambia kweli, tulikuwa tunaogopa pia, tunaangalia majani pande mbili. Lakini tulipita. Mutu wa kwanza wa kikundi yetu kurudi kwa shamba alikuwa Lotsove, na alirudi kama mwenye mali.

Mbele ya shefu wa kijiji, Agronome akasema neno ile mara ingine: mashamba haya haiko tena gage. Shefu akaitika. Vijana wakaingia katika magugu, wakaanza kuchimba.

Jembe ikatoa kiazi.

Wakasimama. Wakachimba tena, kiazi ingine, na ingine. Nyekundu! Ndugu zangu, zile viazi tuliziacha na maua, tulidhani zimeoza, kumbe zilikuwa zinaota na kuzaa na kuota tena, peke yake, katikati ya vita, bila jembe na bila mutu. Muzee akachukua moja, akaifuta kwa koti yake ya matanga, akamupa Agronome. "Ni yenyewe?" Agronome akaigeuza mukononi. "Ni yenyewe, Muzee. Ni ile mbegu." Muzee akamuangalia na jicho ya utani, "Sasa unaidai?" Na Agronome akacheka na machozi, akasema, "Hapana. Ni yenu." Tukaipika pale pale, wote waliokuja kuzika wakala. Lotsove alitupa chakula kwa matanga yake mwenyewe.

Leo nalima. Nakwenda asubuhi, narudi mbele ya jioni, bado silali kule. Natengeneza shamba yangu na ya Lotsove, watoto wake wanapanda. Hii kitunga ya viazi munaiona hapa mbele ni mavuno yetu ya kwanza, naileta kwa Bwana. Na mimi si mutu wa kusifu serikali, munanijua, lakini pale ilifanya vizuri mudomo huu huu utasema: ilifanya vizuri! Na namusifu yule mwanaume aliyetafuta watu wanaomukimbia, hakuchoka, hakuuza neno lake njiani. Katika yeye nilimuona Mungu wangu, namna ananitafuta na mimi niko chooni na samaki kichwani.

Sasa sikilizeni. Agronome Udaga iko hapa. Ndiyo, huyo mwenye amekaa karibu na mlango, na viatu vichafu. Kuna wenye deni ya vikundi vingine hajawapata bado, na nawaona, muko humu ndani. Weye unayefunga kamba ya kiatu tangu nimemutaja, inuka. Na weye mwenye unamukimbia Bwana kwa ajili ya deni ya roho, unadhani anakuja na kamba, inuka pia. Rafiki yangu alisikia neno yake akiwa ndani ya sanduku. Weye masikio yako inasikia.