Probox ya Lomuria na Shati Kavu

Mzee Ekai alikuwa abiria wa siku nyingi wa Probox ya Lomuria, kwa hiyo walipokaribia kizuizi cha polisi nje ya Lodwar alianza kukunja mikono ya shati. Kila safari kutoka Kakuma gari hilo lilisimama hapo, likatetemeka kama mgonjwa wa malaria, likazima, na wanaume wakashuka kusukuma bila kuombwa mpaka mashati yakalowa jasho.

Leo kiti cha mbele alikikalia Christelle, fundi Mkongo wa Kalobeyei, aliyeshinda jana akisafisha injini ya gari hilo. “Toa mguu ku mafuta,” alimwambia Lomuria, dereva.

“Nikitoa itazima. Hii gari ni mzee, mama. Mafundi watatu wamebadilisha plagi wakashindwa.”

“Walibadilisha plagi, lakini hakuna mwenye aliosha mahali injini inapumulia. Masizi ilijaa mule kama chini ya sufuria. Toa!”

Polisi akapunga mkono. Lomuria akasimama, akatoa mguu, akafumba macho. Gari halikutetemeka hata kidogo. Mzee Ekai, kwa kutosikia kelele, alidhani limezimika. Akashuka, akaweka viganja kwenye buti la nyuma ili asukume. Bati lilikuwa likinguruma polepole, kama ngamia anayecheua.

“Lomuria! Iko hai!”

“Ni ubaridi wa asubuhi tu,” Lomuria akanung'unika. “Ngoja jua la saa sita.”

“Saa sita nitakuwa hapa hapa, papa, na wewe utasema ni jua!” Christelle akamjibu.

Walifika stejini, abiria wanaposhukia, wakibishana bado. Mzee Ekai hakungoja mshindi. Alishuka, akawapa watu wote mgongo makusudi, mmoja baada ya mwingine, waone shati lilivyo kavu.