Muhuri wa Kanisa

Dada: Haloo? Nani mwenzangu?

Mchungaji: Ni mimi, Dada. Mdogo wako.

Dada: Baba Mchungaji! Leo umemkumbuka fundi cherehani? Na shikamoo yangu iko wapi?

Mchungaji: Shikamoo, Dada.

Dada: Marahaba. Mbona sauti imekukauka? Unaumwa?

Mchungaji: Hapana. Sikiliza... lile daftari la mahudhurio, siku ile wawekezaji walipokuja kanisani—

Dada: Lile nililosaini wa kwanza? Si ulinibembeleza mbele za watu, “Dada anza, wengine watafuata.” Na kweli wakafuata.

Mchungaji: Wamelibandika karatasi nyingine mbele.

Dada: Subiri, mtandao unakatakata. Karatasi gani?

Mchungaji: Inasema wote waliosaini wamekubali kuhama. Kiwanda chao kinaanzia kisimani mpaka... mpaka kwako.

[cherehani inasimama]

Mchungaji: Dada?

Dada: Nipo. Sasa si uwaambie yale yalikuwa mahudhurio tu? Shahidi ni wewe.

Mchungaji: Nimeshagonga muhuri wa kanisa.

Dada: Kabla hujaisoma, au—

Mchungaji: Niliisoma. Waliahidi kutuezekea kanisa. Tena tulishawaombea, tulishakula nao... nikaona haya kukataa. Nafsi inanisuta, Dada. Tangu Ijumaa chakula hakipiti.

Dada: Ijumaa ulijua. Jumapili ukapanda madhabahuni ukatuhubiria.

Mchungaji: Ndiyo.

Dada: Tingatinga linakuja lini?

Mchungaji: Alhamisi.

Dada: Keshokutwa! Unamjua yule mjane, jirani yangu? Alikataa kusaini. Nikamfuata kwake mara mbili. Nikamwambia, huyu nimemlea kwa mikono yangu, hawezi kutuuza. Ndipo akashika kalamu.

Mchungaji: Nisamehe.

Dada: Wewe nitakusamehe, nifanyeje, damu yangu. Lakini yule—

Mchungaji: Haloo? Salio linaniishia, sema upesi—

Dada: Acha simu, njoo. Tunaingia kwake wote wawili, na hodi utabisha wewe.

Mchungaji: Nianze vipi kumwambia?

Dada: Sijui. Yuko mlangoni kwake sasa hivi. Kaniona naongea, kajua ni wewe... anakupungia mkono.

Mchungaji: Dada, mi—