Platini Yenye Mafuta

Mwalimu mstaafu alikuwa kwenye basi, bahasha ya kadi ya gari mapajani, akienda kuliuza gari la marehemu mkewe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. "Halina moto kabisa," alimweleza mama aliyeketi kando yake, ambaye hakuwa ameuliza. "Plagi mpya, koili mpya, betri mpya. Cheche hakuna."

"Na platini?" mama akauliza. Mwalimu aliziona kucha zake zenye grisi, akajua amekaa na fundi, jambo lililomkera. "Niliisafisha mwenyewe. Nikaitia mafuta ya cherehani isisagike, ikang'aa kama kioo."

Mama alicheka kwa pua. "Baba, umeme unapita pale vile vyuma viwili vya platini vinapogusana. Wewe umevikaanga, halafu unailaumu koili. Futa mafuta, piga msasa kidogo, uwashe."

"Nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja."

"Nawahurumia waliofaulu."

Abiria wa nyuma wakapatwa na kikohozi cha ghafla. Mwalimu alisema mafundi wa siku hizi hawana adabu. Mama akakubali, akasema gari nalo halitaki adabu, linataka platini kavu.

Basi likasimama mbele ya geti la vyuma chakavu. Mwalimu aliinuka, akabaki ameshika kiti. "Mzee, unashuka au hushuki?" kondakta akauliza.

Mwalimu akamgeukia mama kwa sauti ya kumtahini mwanafunzi mzembe. "Msasa namba ngapi?"