Kioo cha Mzee Bernado Kwenye Ghala la Bunda

Mzee Bernado Burito, tunayemzika leo Jumamosi, alizaliwa tarehe 11 Machi 1939 kisiwani Rukuba, ambako wazazi wake walikuwa kambini wakivua. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba.

Alisoma Majita hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1955, kisha akaenda Mwanza kujifunza uashi. Mwaka 1966 aliajiriwa Musoma kuwa mkaguzi wa majengo. Nyumba za watu hazikumhusu. Yeye alipewa maghala, viwanda vya pamba, madarasa na zahanati, aseme lipi libaki, lipi litengenezwe na lipi livunjwe. Alikuwa akiingia ndani saa saba mchana bila kuwasha taa, anafungua gazeti. Asipoweza kusoma, alitaka madirisha yaongezwe. Aliuliza pia maji ya paa yanakwenda wapi, hata pale alipokaribishwa chai tu.

Tarehe 6 Julai 1968 alifunga ndoa na Dafroza, wakajenga Kamunyonge, hapahapa Musoma, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1983 alikosea, na hakuwahi kuficha. Aliona ufa kwenye ghala la ushirika huko Butiama, akaandika siku ileile kwamba livunjwe. Mafundi walipiga nyundo siku tisa. Ufa ulikuwa kwenye lipu tu. Matofali yalikuwa mazima kabisa. Saruji haikupatikana miaka ile, ghala jingine halikujengwa, na pamba ya msimu ule ikanyeshewa nje. Alileta tofali moja nyumbani, likakaa mlangoni hadi leo. Sote tumeshajikwaa hapo, na hakuna aliyethubutu kulihamisha.

Tangu hapo, kila penye ufa alibandika kipande cha kioo kwa saruji, upande huu na upande ule, akaandika tarehe, akasubiri masika na vuli zipite. Kioo kikipasuka, ukuta bado unasogea. Alipobandika kimoja chumbani kwake, Mama Dafroza alimwambia, "Wewe hukuja kuoa hapa, ulikuja kukagua." Alicheka, lakini hakukibandua.

Mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa, mnunuzi mmoja alitaka ghala la pamba la Bunda litangazwe bovu, apate bati na matofali kwa bei ya kutupa. Wazazi wa pale walilitaka liwe shule. Mzee alibandika kioo tarehe 3 Machi 1994 na kugoma kuharakishwa. Januari 1995 alisaini kwamba jengo linafaa kwa miaka thelathini. Juni alikuwa kwenye orodha ya waliopunguzwa kazini. Alirudi Kamunyonge na rula yake, akafuga kuku. Mwaka uliofuata shule ilifunguliwa.

Agosti mwaka huu alipatwa na kiharusi, akalazwa hapa Musoma. Binti yake Ursula, ambaye ndiye anayesoma haya, alikaa naye. Mvua za mwaka huu zilipozidi, Mzee alimshika mkono akasema kwa shida, "Nenda Bunda. Kaangalie kioo. Mvua ya namna hii nilikuwaga naiogopa."

Ursula hakwenda. Aliogopa kumwacha. Alishinda kwa shangazi yake, mtaa wa Nyasho, akarudi wodini jioni, akamwambia, "Nimeenda, baba. Kizima." Mzee alifumba macho, akalala vizuri kuliko siku zote. Alifariki Alhamisi, tarehe 27 Novemba 1997, saa tatu asubuhi, akiwa ameamini hivyo.

Jana Ursula alipanda basi la Bunda. Madarasa yalikuwa yamejaa, watoto wanaandika bila taa. Walimsogezea dawati, akapanda. Akapitisha kidole juu ya kioo kutoka upande huu hadi upande ule, mara mbili. Akashukuru, akashuka, akarudi kupanga viti vya msiba. Mpaka anasoma haya hajalia; anasikia ganzi tu, na anaomba mumsamehe.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na wanafunzi mia na arobaini walio chini ya paa lile.

Baba, safari hii nimeenda kweli. Kioo ni kizima, na tarehe yako inasomeka. Sasa pumzika.