Anwani Arobaini na Mbili: Maisha ya Papa Térence Mushagalusa, 1966–2019

Papa Térence Mushagalusa, tunayemsindikiza leo hapa Blacktown, Sydney, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Walungu, Kivu Kusini, Kongo. Alisoma shule ya msingi palepale Walungu, kisha akaenda Bukavu, alikopata diploma ya ualimu mwaka 1986. Alifundisha hesabu miaka kumi. Wanafunzi walimwogopa, kwa sababu alisahihisha kwa kalamu nyekundu hata barua zao za kuomba ruhusa.

Mwaka 1994 alifunga ndoa na Chibalonza. Miaka miwili baadaye vita viliwatoa mjini. Darajani, katika msukumano wa watu, mkono wa Nsimire, mdogo wake Chibalonza, ulichomoka mkononi mwa Térence. Nsimire alikuwa na miaka tisa. Walimtafuta siku tatu, wakasukumwa mbele na wengine.

Walikaa kambini Uganda hadi Aprili 2009, walipoletwa Sydney pamoja na binti yao Bénie. Térence alipata kazi ya kupanga mizigo kwenye ghala moja, St Marys. Siku za mapumziko alijifunza kutengeneza tovuti, na mwaka 2011 akafungua ukurasa wa watu waliopotezana. Familia arobaini na mbili zilimpa majina yao. Chini ya kila jina aliandika anwani ya barua pepe, wazi kabisa, ili ndugu akiiona aandike papo hapo.

Hakujua kwamba kuna programu zinazozunguka kwenye tovuti zikiokota kila kitu chenye alama ya @, na kwamba anwani hizo huuzwa kwa matapeli. Baada ya muda familia zile zilikuwa zikipokea mamia ya barua kila siku: dawa, bahati nasibu, urithi wa uongo. Wengi waliacha kufungua. Chibalonza naye, ambaye anwani yake ilikuwa humo, aliacha.

Jumamosi tarehe 17 Agosti 2013, asubuhi, alipiga simu mtu aitwaye Bisimwa, aliyekuwa amefika Australia wiki ile kutoka Mbarara, Uganda.

"Ninyi ndio ndugu za Nsimire?" aliuliza. "Amewaandikia mara tatu. Ya mwisho ni kama mwezi sasa. Anasema hamumtaki. Wiki ijayo anaenda Juba, na simu hana."

Térence alimwita rafiki yake Mbuvi, Mkenya wa Quakers Hill anayefanya kazi ya kompyuta. Mbuvi alifungua barua za Chibalonza, akazipitia.

"Mwalimu, mashine imeitupa barua yake kwenye takataka, pamoja na hizi elfu tisa. Na zikifikisha siku thelathini zinafutika zenyewe."

Walitafuta jina la Nsimire, halikutokea. Basi wakaanza na zile za zamani zaidi, moja moja, huku nyingine zikifutika mbele yao. Chibalonza hakula. Jumapili saa kumi alasiri alishika mkono wa mumewe: ameiona. Barua ilitoka kwenye anwani ya kuazima, haina jina, imeandikiwa dada: "Yaya, ni mie mudogo wako wa pale darajani. Kama muko wazima, mujibu."

Walijibu dakika ile. Siku sita zilipita kimya. Ya saba, Nsimire akaandika. Juba hakwenda.

Jumapili tarehe mosi Septemba, baada ya ibada, Térence alisimama mbele ya watu.

"Anwani zenu ni mimi niliyezianika," alisema. "Nimezitoa zote."

Mama Nduwimana, aliyekuwa akimtafuta mwanawe, alisimama pia. "Unatuficha, Papa Bénie. Mtoto wangu ataniona wapi?"

"Ataandika kwenye fomu niliyoiweka kwenye ukurasa, Mama. Barua itafika kwangu, nami nitaileta mkononi mwako."

Miezi minne Mama Nduwimana hakumsalimia. Mwanawe hajaandika hadi leo. Ni yeye mwenyewe aliyeomba tuseme kwamba kwa miaka mitano na nusu Papa Térence alimpigia simu kila Jumapili kumwambia kuwa bado.

Kila asubuhi, kabla ya treni ya St Marys, alisoma barua zote, akatenga za watu na za matapeli. Familia tisa zimekutana.

Novemba 2018 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alhamisi tarehe 6 Juni 2019, hospitalini, alimuuliza Bénie wameandika wangapi. Bénie alimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni wanne, watatu matapeli.

"Na wa nne?"

"Ni mtu, Papa," alisema Bénie, safari hii kwa Kiswahili.

"Basi umujibu yeye kwanza. Mie nitangoja."

Bénie alitoka na simu kwenye ujia, akajibu. Aliporudi baba yake alikuwa amelala, na saa tisa alasiri alikata roho.

Ameacha mke, Chibalonza, binti, Bénie, mpwa, Olivier, anayewasomea haya, na shemeji, Nsimire, anayetusikiliza kwa simu kutoka Mbarara.

Mungu amlaze pema, Mwalimu wetu, apumzike.